Vigae vya Waridi vya Bibi

Msikiti wa mtaani kwetu una kuba tatu, lakini ukisimama uchochoroni huzioni. Wamezijengea. Kamati ilipotaka msikiti mkubwa, miaka ishirini na kitu iliyopita, haikuthubutu kuvunja nyumba ya Mungu iliyosimama tangu enzi za wafalme wa Kimughal, basi ikainua nguzo pembeni, ikamwaga zege juu, na zile kuba zikabaki ndani ya ghorofa ya kwanza, zimechomoza sakafuni kama vyungu vilivyofunikwa. Wanaume wanapanga safu kuzizunguka. Mimi nimeziona mara moja tu, siku walipokuwa wakifunga feni, maana wanawake hatupandi huko. Nilimwambia marehemu mume wangu kwamba zimenitia huruma. Alinicheka, akasema kuba haina roho.

Ndiyo tabia yetu watu wa Dhaka ya zamani. Kitu tukikipenda tunakifunika. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani hadithi hii ina mtu mbaya na mtu mwema, na kwamba mwema ni mimi.

Kilichokuwa kimebaki wazi ni kaburi la Bibi. Chumba kimoja cha matofali ubavuni mwa msikiti, kuba moja, mlango mfupi unaokulazimisha uiname, mkabala kabisa na dirisha la jiko langu. Tulimwita Bibi tu. Wengine walisema alikuwa binti wa gavana, wengine wakasema mke wa mkuu wa forodha ya mtoni, na jirani yangu Kohinoor, ambaye haishiwi maneno, alishikilia kwamba alikuwa mcheza ngoma aliyetubu. Kila Alhamisi wanawake wa mtaa walikuja na ubani na sahani ya halua, wakafunga nyuzi kwenye kidirisha cha mawe, wakalia mambo yao. Hatukuwa na mahali pengine pa kulilia. Nyumbani mama mkwe anasikia, msikitini hatuingii, na mtoni kunanuka. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliupata kwa mama yangu, naye aliupata kwa mama yake, na mume wangu ndiye aliyehamia kwetu, jambo alilotaniwa mpaka siku ya kufa kwake.

Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, mwanangu Shafqat alichovya mkate wake mkavu kwenye chai na kuniambia bila kuniangalia, "Mama, kamati imeamua. Pale kwa Bibi itapita ngazi, na chini yake patakuwa mahali pa kutawadhia."

"Kamati gani?"

"Ya msikiti. Kwani ziko ngapi?"

"Na wewe ulikuwa wapi walipoamua?"

"Nilikuwepo, Mama. Mimi ndiye katibu."

Nilimwondolea kikombe mbele yake kabla hajamaliza. Ana miaka thelathini na mbili, ana mke na watoto wawili, na bado nikimwondolea kikombe anakaa kimya kama mtoto wa shule. Kisha akaongea polepole. Ijumaa wanapanda watu mia saba, akasema, na ngazi ni moja, nyembamba, wazee wanashikana mikono. Nyumba ya kushoto ni bohari la plastiki. Nyumba ya kulia ni bohari la manukato, mapipa mpaka darini.

"Siku moto ukitokea, tutatokea wapi?" aliuliza. "Bibi ameshakufa, Mama. Sisi bado."

Mtaa wetu unaujua moto. Kuna nyumba mbili nyuma yetu ambazo mpaka leo hazijapakwa rangi upya, na sisi sote tunajua ni nani na nani hawakutoka humo. Lakini kulijua hilo hakukunizuia kukasirika.

Siku ya pili akaja mwenyekiti mwenyewe, Haji Moazzem, mwenye kiwanda cha ndoo, rafiki wa mume wangu tangu utoto. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, akavua kofia.

"Shemeji, tutamhamisha kwa heshima zote. Sala, dua, biriani kwa mtaa mzima."

"Na sisi wanawake Alhamisi twende wapi?"

"Nyumbani kuna Mungu vilevile."

"Basi Haji, na wewe salia nyumbani. Hutahitaji ngazi."

Alicheka mpaka akakohoa, akasema mume wangu alikuwa na subira ya mawe. Alipoondoka hakuwa amebadilisha kitu chochote. Kibali wanacho, akaniambia mlangoni, wanaanza Jumatatu baada ya wiki mbili.

Nikaenda ofisi ya mambo ya kale. Nilikaa kwenye benchi siku tatu mfululizo na mfuko wangu wa tambuu mapajani, nikimwambia kila anayepita kwamba nina kaburi la Kimughal. Siku ya tatu alisimama binti mmoja mwembamba mwenye miwani na viatu vya raba. Jina lake Ishrat. Ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza mlango unatazama upande gani.

Akaja Jumatano. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilimfungulia mlango kwa fahari, nikawasha taa, nikarudi nyuma ili aone.

Alitazama ukuta wa kulia, wa kushoto, akatazama kaburi lenyewe. Kohinoor, aliyekuwa ametufuata bila kuitwa, ndiye aliyesema.

"Pazuri, eh? Bafu la waziri."

Kuta zote, kuanzia sakafuni mpaka inapoanza kuba, zilikuwa zimebandikwa vigae vya rangi ya waridi vyenye ua jeupe la asumini katikati. Kaburi pia. Niliviweka mimi.

Sasa lazima niseme. Shafqat alipokuwa na miaka kumi na tisa alishikwa na homa ya dengi, ile ya kutoa damu kwenye fizi. Hospitalini walilala wawili wawili kitandani, na daktari alikuwa haniangalii tena usoni. Nilikuja kwa Bibi mchana wa jua kali, nikajitupa sakafuni, nikaweka nadhiri. Akipona, nitakuvisha. Wengine wanamvisha kaburini kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, kinakaa mwaka mmoja, panya wanakitoboa. Mimi nilitaka kumvisha vazi lisilooza. Mwanangu alipona. Niliuza bangili zangu mbili, nikaenda dukani mwenyewe, nikachagua kigae kimoja kimoja nikivigonga kwa ukucha nisikie mlio. Nilimwambia fundi asiache hata upenyo. Kazi ilipokwisha chumba kiling'aa, wanawake wakanikumbatia wakilia, na mimi nilijiona mtu aliyelipa deni lake kwa Mungu na chenji ikabaki. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu, wala siku aliyozaliwa huyo Shafqat.

Ishrat alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta.

"Mama, nitakwambia ukweli. Kuba ni ya zamani, hiyo naiona. Lakini walishaipaka saruji juu na rangi ya mafuta ndani. Nikipeleka picha hizi, mkubwa wangu ataniuliza kama nilikwenda kukagua choo. Nahitaji kitu kimoja kisichobishaniwa. Jina na mwaka. Nikipata hivyo, Jumapili ofisi ikifunguliwa kaburi liko kwenye orodha, na Jumatatu hakuna wa kuinua nyundo."

"Lipo jiwe," nikasema.

Aligeuka haraka mpaka miwani ikamponyoka.

Lilikuwepo, na nilijua mahali pake hata ukinifunga macho. Juu ya mlango kwa ndani, jiwe jeusi, urefu wa mkono, maandishi ya Kiajemi yaliyosukwa kama mimea inayotambaa. Utotoni nililitazama kila Alhamisi mama akiomba. Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia Ishrat siku ile, kwa aibu. Nilipokuwa na miaka tisa, mwalimu mmoja mzee aliyejua Kiajemi alikuja kula kwetu, akamsomea baba maandishi yale neno kwa neno. Jina la Bibi, jina la baba yake, mwaka, na kitu gani kilimuua. Nilikuwa palepale mkekani nikigombea na dada yangu kichwa cha samaki. Kichwa nilikipata mimi. Jina sikulisikia.

"Liko nyuma ya vigae," nilimwambia. "Halijakwenda popote. Tunavibandua, unasoma, basi."

Usiku ule nililala kama mtoto. Alhamisi nilikwenda kumtafuta fundi Mokbul, yuleyule aliyevibandika. Nilimkuta kibarazani kwake anaota jua, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mama, tafuta fundi mwingine," alisema kabla sijamaliza. "Macho yangu siku hizi hayaoni."

"Vigae huvioni?"

"Mguu pia."

"Mokbul, ulivibandika wewe, utavibandua wewe. Nataka uvitoe taratibu. Nyuma yake kuna jiwe, unalikumbuka?"

Alitazama maji ya beseni.

"Nalikumbuka," alisema.

Nilidhani ni uvivu. Nilimwambia aje Jumamosi asubuhi, nikamwachia pakiti ya tambuu, nikaenda zangu nikijisifu moyoni.

Jumamosi walikuja wote. Ishrat alikuja na kamera na brashi za aina tano. Kohinoor alikuja na kiti chake. Na Shafqat akaja, jambo ambalo sikulitegemea, na ngazi ya kukunja ya msikiti begani.

"Umekuja kunipeleleza?" nilimuuliza.

"Nimekuja kushika ngazi. Mzee Mokbul akianguka kamati italaumiwa." Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kama jiwe lipo na linasomeka, nitasimama mwenyewe mbele ya kamati. Ngazi ya zege tutaipitisha kwa nyuma, kwenye duka la ndoo la Haji. Atapiga kelele, lakini nitasimama."

Nilimshika shavu. Ana shavu la baba yake. Kwa saa nzima iliyofuata nilikuwa na kila kitu, mwanangu na Bibi wangu, wote upande mmoja.

Mokbul alipanda, akaingiza patasi nyembamba chini ya kigae cha kwanza. Kilitoka kizima. Cha pili kikavunjika. Saruji ya nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, ikabidi aigonge kidogo kidogo, na mavumbi yake meupe yakamwingia kwenye ndevu. Ishrat alisimama chini yake mikono imenyooshwa, tayari kupokea chochote kitakachoanguka.

Kwanza ilionekana pembe ya jiwe, nyeusi, inang'aa. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha Mokbul akaacha kugonga.

"Endelea," nilisema.

"Mama."

"Endelea, Mokbul."

Akaendelea. Kipande kikubwa cha saruji kikabanduka chote kwa mpigo, Shafqat akakidaka, na nyuma yake tukaliona jiwe.

Lilikuwa na mashimo. Vishimo vidogo, vya ncha ya patasi, vimekaribiana, safu kwa safu, kutoka pembe hadi pembe. Palipokuwa na herufi sasa palikuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilitazama nikingoja macho yangu yazoee, kama mtu anavyongoja anapoingia gizani. Hayakuona kitu kingine.

"Nani alifanya hivi?" Ishrat aliuliza. Hakuwa akimuuliza mtu, lakini Mokbul alijibu.

"Mimi. Saruji haishiki kwenye jiwe laini, binti yangu. Lazima uliparue kwanza, uliumize, ndipo lishike. Ndivyo tunavyofanya. Fundi yeyote angefanya hivyo." Akanigeukia, na machozi yalikuwa yanachimba njia kwenye vumbi la mashavu yake. "Mama, ulisimama hapo hapo mlangoni. Nilikuuliza, na hili jiwe pia? Ukaniambia na hilo pia, na ubandike kwa nguvu, kisije kikaanguka kigae juu ya Bibi."

Nilikumbuka. Sikuwa nimesahau hata kidogo, ila nilikuwa nimelihifadhi mahali pengine, pamoja na mambo ya furaha. Nilikumbuka mpaka mlio wa patasi, tik tik tik, na mimi mlangoni nikiwagawia wanawake peremende.

Ishrat alipanda ngazi. Alipiga brashi, akanyunyizia maji, akamulika kwa tochi kutoka ubavuni ili vivuli viingie kwenye michoro iliyobaki. Alikaa juu kule mpaka adhana ya adhuhuri ikapita. Aliposhuka alinishika mkono, akanisimamisha chini ya pembe ya kushoto, na kunionyesha neno moja ambalo patasi ililikosa, kwa sababu lilikuwa karibu sana na ukingo. Kiajemi sikijui, lakini nimehitimu Kurani tangu utotoni na herufi nazijua. Nilisoma mwenyewe.

Binti.

"Jina lake lilikuwa kabla ya hapo," Ishrat alisema. "Na la baba yake baada ya hapo."

"Na mwaka?"

Alitikisa kichwa. Alisema ataandika ripoti hata hivyo, atapiga picha, ataomba. Aliniambia pia, bila kunidanganya, kwamba haitafaa kitu, na nilimshukuru kwa hilo. Watu wengi wangenipa maneno matamu ya kuondokea. Shafqat aliikunja ngazi. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu, nimjibu, tugombane mpaka tuchoke, lakini alibeba ngazi yake akainama kupita mlango mfupi, na Kohinoor, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikunja kiti chake na kwenda nyumbani bila neno.

Jumatatu walianza. Sikufunga dirisha. Nilipika dengu na kuwaangalia. Iliwachukua siku mbili kuivunja kuba, maana ile chokaa ya kale ilikuwa ngumu kuliko walivyotarajia, na vijana walikuwa wanaitukana kwa heshima. Siku ya tatu wakachimba kaburi. Imamu alisimama pembeni akisoma. Walichimba mpaka usawa wa kifua, kisha kimo cha mtu mzima, wasikute hata mfupa mmoja. Udongo tu, mweusi na laini kuliko wa pembeni. Wakaujaza kwenye ndoo mpya ya kiwanda cha Haji Moazzem, ya buluu, wakafunika kwa kitambaa cha kijani, wakaenda kuuzika makaburini katika shimo la watu wengine. Biriani ilipikwa kweli. Nilipelekewa sahani, yenye nyama nyingi.

Vigae walivyovitoa vizima Shafqat aliniletea katika boksi, akidhani nitavitaka. Vipo chini ya kitanda changu. Wanawake wa mtaa hawana tena mahali pa Alhamisi. Baadhi wanafunga nyuzi kwenye nondo za dirisha langu la jiko, na mimi nimewaacha, ingawa siku hizi napika nikiwa nimezipa mgongo.

Ngazi ni nzuri. Pana, ina vishikio vya chuma pande zote mbili, wazee wanapanda bila kushikana. Ninaposikia harufu ya moto usiku ninakumbuka kuwa ipo, na ninalala tena. Kama ungeniuliza kama Shafqat alikosea, ningekwambia hapana, na ningekwambia kwa hasira.

Wiki iliyopita aliingia jikoni akiwa ameshika simu, amefunika kipaza sauti kwa kidole.

"Mama, nimeongea na kamati, wamekubali. Tunaweka kibao cha marumaru juu ya mabomba ya kutawadhia. Hapa palikuwa na kaburi la bibi fulani, Mungu amrehemu, ili watu wamsomee Fatiha wakitawadha. Fundi wa marumaru yuko kwenye simu. Tuandike jina gani?"

Alikuwa na furaha. Alidhani ameniletea kitu. Nilitazama dengu kwenye ungo, nikakifikiria kile kichwa cha samaki cha miaka hamsini iliyopita, utamu wake, na jinsi nilivyomtolea dada yangu ulimi.

"Andika Binti," nilisema.

Alingoja. Kidole chake bado kilikuwa kwenye simu, na fundi wa watu alisikika akisema halo, halo.

"Binti wa nani, Mama?"

Niliendelea kuchagua dengu. Mwishowe akatoka kwenda uchochoroni akimwambia fundi kwamba atampigia baadaye.